Pesa za kampeni Uganda: jinsi ya kuzifuata, kuziandika na kuzifikisha kortini, hatua kwa hatua

Kuna jambo moja ambalo watu wengi huku kwetu Busia hawaliamini hata ukiwaapia: Uganda hakuna sheria inayomwekea mgombea kikomo cha pesa anazotumia kwenye kampeni. Akitaka kubandika mabango kutoka mpakani mpaka Tororo ni shauri lake, akikodi magari hamsini yenye spika ni shauri lake. Kwa hiyo ukienda kulalamika eti fulani anamwaga pesa nyingi kupita kiasi, utasikilizwa kwa heshima zote na utarudi nyumbani mikono mitupu, maana wingi wa pesa peke yake sio kosa. Sheria yetu inauliza maswali mawili tu, pesa imetoka wapi na imeingia mfuko wa nani, na la kwanza inaliuliza kwa upole sana, la pili ndio inaliuliza kwa ukali. Anayekosea hapo kwenye la pili anaweza kupoteza kiti hata kama alishinda kwa kura elfu ishirini.

Nimeandika huu mwongozo kwa mpiga kura wa kawaida, ajenti wa mgombea asiye na hela, na kijana yeyote mwenye simu na daftari ambaye amechoka kusema "wamenunua kura" halafu akiulizwa ushahidi anabaki kuangalia juu.

Hatua ya 1: Jua nani anashughulika na nini

Watu wanapeleka malalamiko mlango usio wake, siku zinapita, kesi inakufa. Tume ya Uchaguzi ipo kwenye Ibara ya 60 ya Katiba ya 1995, ina wajumbe saba, yaani mwenyekiti, naibu wake na wengine watano, wanateuliwa na Rais kwa idhini ya Bunge, kipindi ni miaka saba na kinaweza kurudiwa mara moja. Mwenyekiti ni Jaji Simon Byabakama, alichukua kiti 2017 baada ya Badru Kiggundu. Ibara ya 62 inasema Tume iko huru na haipokei maagizo ya mtu, na hapo kila mtu ana maoni yake, maana anayeteua huwa mwenyewe ni mgombea. Mimi naona tatizo hilo ni la kweli, lakini halikusaidii wewe kesho asubuhi ukiwa na malalamiko mkononi, kwa hiyo tuendelee.

Tume inapokea malalamiko ya kabla ya kura na ya wakati wa kura, chini ya Ibara ya 61. Peleka kwa maandishi, ofisi ya wilaya, na nakala yako igongwe muhuri na tarehe. Usiporidhika na uamuzi wake unakata rufaa Mahakama Kuu. Lakini mbunge akishatangazwa na kuingia kwenye Gazeti rasmi la Serikali, Tume haiwezi tena kumvua, hiyo kazi ni ya Mahakama Kuu. Rais ni Mahakama ya Juu peke yake. Na kosa la hongo kama jinai linaanzia polisi, faili inaenda kwa mkurugenzi wa mashtaka. Jinai na kesi ya kupinga matokeo ni njia mbili tofauti, unaweza kufuata zote.

Hatua ya 2: Shika sheria zenyewe, sio za kusimuliwa

Zinazokuhusu ni hizi: Katiba, Sheria ya Uchaguzi wa Wabunge ya 2005, Sheria ya Uchaguzi wa Rais ya 2005, Sheria ya Vyama vya Siasa ya 2005, Sheria ya Tume ya Uchaguzi na ya Serikali za Mitaa. Angalizo dogo lakini muhimu sana: sheria za Uganda zilitolewa upya kwenye toleo lililoanza kutumika 2024 na namba nyingi za vifungu zimesogea. Kwa hiyo ukisikia mtu anataja "kifungu cha 68" cha hongo, hiyo ni namba ya zamani, ile ya sheria ya 2005, na hukumu nyingi utakazosoma zinaitumia hiyo. Mimi pia nitatumia namba za zamani hapa, ila kabla ya kuandika barua yoyote ya kisheria angalia toleo jipya linasemaje.

Pia utakutana na faini zimeandikwa kwa pointi za sarafu badala ya shilingi, usiogope, pointi moja ni shilingi 20,000. Unazidisha tu.

Hatua ya 3: Angalia pesa inakotoka

Hapa nitakwenda mbio kidogo maana mpiga kura wa kijijini hawezi kufanya mengi. Chama kinatakiwa kuweka hesabu na kupeleka hesabu zilizokaguliwa kwa Tume ndani ya miezi sita baada ya mwaka wa fedha kuisha. Michango kutoka nje, yaani serikali za kigeni, balozi, watu wasio raia na kadhalika, ina kikomo cha pointi 20,000 ndani ya miezi 12, ambayo ni shilingi milioni 400. Mgombea urais anaruhusiwa kuchangisha kwa njia halali, ila asipokee kutoka kwa yeyote aliyeonyesha nia ya kupindua serikali au kuhatarisha usalama wa nchi, na maneno hayo ni mapana kweli kweli, mtu akitaka kukubana anaweza kuyatumia.

Halafu kuna pesa ya serikali kwa vyama vyenye wabunge. Tangu marekebisho ya 2010 utaratibu ulikuwa hivi: ya uchaguzi inagawiwa sawa kwa sawa, ya kuendesha chama kila siku inafuata idadi ya viti bungeni. Mwaka 2025 Bunge likabadilisha, chama kisichokuwa ndani ya IPOD, lile jukwaa la mazungumzo ya vyama, kinakosa pesa hiyo. Kwa hiyo ukisikia chama fulani kinalia hakina pesa ya ruzuku na kingine kinayo, anza kuuliza hapo kabla hujasema wameiba.

Na usisahau ada ya kuteuliwa: milioni 3 kwa mbunge, milioni 20 kwa urais. Kabla ya 2015 mbunge alikuwa analipa laki mbili. Kwa mgombea urais ongeza kazi ya saini 100 za wapiga kura kwenye kila wilaya katika angalau theluthi mbili ya wilaya zote, na kwa uchaguzi wa Januari 2026 hiyo theluthi mbili ilikuwa wilaya 98. Hebu piga hesabu ya mafuta tu ya kuzunguka wilaya 98, ndio utaelewa kwa nini mgombea anafika kwenye kampeni akiwa tayari na madeni na marafiki wanaosubiri kulipwa.

Hatua ya 4: Tenganisha gharama halali na hongo

Hapa ndipo watu wanachanganyikiwa, na wagombea wanapenda wachanganyikiwe.

Halali: kulipa watu wa kubandika mabango, kukodi vyombo, mafuta ya boda boda wanaomsindikiza mgombea, posho ya maajenti wake siku ya kura, chakula na soda kwenye kikao cha ndani cha kupanga kampeni. Hiki cha mwisho sheria inakitaja kabisa kwamba sio hongo. Kwa hiyo ukiona kamati ya kampeni imekaa nyuma ya nyumba inakula wali na nyama usikimbie kupiga picha, utajichosha bure.

Haramu: kumpa au kumwahidi mpiga kura pesa, zawadi au kitu chochote ili apige kura au asipige, au ampigie fulani. Hakuna kiwango cha chini. Sabuni ya mche, kilo ya sukari, chumvi, elfu mbili ya "maji", vyote vinaingia. Adhabu ni faini isiyozidi pointi 72, yaani shilingi 1,440,000, au kifungo kisichozidi miaka mitatu, au vyote viwili. Na shika hili vizuri, anayepokea naye ana kosa hilo hilo. Nitalirudia huko mbele maana linaharibu kesi nyingi.

Kisha kuna katazo lingine ambalo watu hawalijui kabisa: wakati wa kipindi cha kampeni mgombea au ajenti wake hatakiwi kufanya harambee wala kutoa michango. Kwa hiyo ile ya mgombea kusimama kanisani au msikitini akasema "mimi nitaleta mabati mia" katikati ya kampeni, hiyo imekatazwa hata kama hakutaja neno kura. Miezi sita kabla ya kampeni kuanza alikuwa huru kutoa, ndio maana utaona ambulansi na mabati yote yanafika kijijini mapema, wanajua kalenda kuliko sisi.

Sasa msiba. Hili ni gumu kwa sababu mila zetu zinataka mtu aje na kitu mkononi, na mgombea asipotoa anaonekana hana utu. Angalia mazingira: je, alimpa mfiwa pole kimya kimya kama jirani yeyote, au alichukua maikrofoni ya msiba, MC akatangaza jina lake na alama ya chama chake, bahasha ikainuliwa juu watu waione, halafu akasema "tarehe mnaijua"? Ile ya kwanza ni ngumu kuiita hongo. Ya pili ina kila kitu unachohitaji, mradi umeiandika vizuri.

Kingine cha kuangalia ni pesa za serikali kuvaa sura ya mgombea. Chini ya PDM, ule mpango wa serikali wa kuwakopesha wananchi, kila parokia (sio ya kanisa, ni eneo la utawala lenye vijiji kadhaa) inapangiwa milioni 100 kwa mwaka, na mwanachama anakopeshwa milioni moja. Hiyo ni pesa ya umma. Diwani au mbunge akisimama kwenye kugawa akasema "mimi ndio nimewaletea, msiponipigia kura inakatwa", andika maneno yake kama yalivyo. Sheria inakataza kutumia rasilimali za umma kwa kampeni, isipokuwa zile ambazo kwa kawaida zinaambatana na cheo cha mtu, kama gari la waziri. Rais aliyeko madarakani naye ana ruhusa ya kutumia vitu vya ofisi yake, na ndio maana hoja za helikopta na walinzi huwa haziendi mbali.

Hatua ya 5: Kusanya ushahidi, na hapa tulia kabisa

Kwa upande wa mbunge, uchaguzi unafutwa kwa sababu chache: sheria haikufuatwa na hilo likaathiri matokeo kwa kiasi kikubwa, mtu mwingine alishinda, mshindi hakuwa na sifa, au mgombea mwenyewe alitenda kosa la uchaguzi, au lilitendwa kwa ujuzi na ridhaa yake. Hiyo ya mwisho ndio dhahabu, maana huhitaji kuonyesha kwamba kura zilibadilika. Tendo moja la hongo likithibitishwa linatosha, hata kama ni la shilingi elfu kumi. Lakini kwa sababu ni zito hivyo, majaji wanataka ushahidi ulionyooka, na wanatafuta vitu vitatu kila mara: zawadi ilitolewa kwa mpiga kura, ilitolewa na mgombea au ajenti wake, na ilitolewa kwa nia ya kumvuta apige kura fulani. Ukikosa kimoja umekosa vyote.

Cha kwanza, mpiga kura. Sio "wananchi walipewa". Nani? Tuseme mama anayeuza mandazi karibu na steji amepewa elfu tano na sabuni. Jina lake kamili kama lilivyo kwenye kitambulisho cha taifa, kijiji, parokia, na jina la kituo chake cha kura. Kisha hakikisha yupo kwenye rejista ya kituo hicho. Kesi ngapi zimeanguka kwa sababu shahidi alisema alihongwa halafu wakili wa upande wa pili anafungua rejista, jina halipo! Kama hayupo kwenye rejista, kwa macho ya korti hakuna mpiga kura aliyehongwa, habari imeisha.

Cha pili, mtoaji. Kama ni mgombea mwenyewe, safi. Kama ni mtu mwingine, lazima umfunge kwa mgombea: ana barua ya uajenti? alikuwa naye jukwaani? mgombea alikuwepo pembeni anaangalia? alisema "huyu kijana wangu atawapa"? Fulana yenye picha ya mgombea haitoshi, fulana zinagawiwa kama njugu na kila mtu anayo.

Cha tatu, nia. Andika maneno, kwa lugha iliyotumika. Kama alisema kwa Kisamia andika kwa Kisamia, kama ni Kiswahili au Luganda vivyo hivyo, tafsiri itakuja baadaye. "Kunywa chai ukinikumbuka" na "chukua hii, alama ni ile" sio kitu kimoja mbele ya jaji.

Fanya hivi siku hiyo hiyo kabla ya kulala, kwenye daftari la kurasa zilizofungwa, sio karatasi za kuchana: tarehe, saa, mahali hasa, nani alikuwepo, nani alitoa, nani alipokea, kiasi, maneno. Ukiwa na video usiikate, usiiwekee muziki, usiiondoe kwenye simu iliyorekodi, na usibadilishe simu hiyo kwa nyingine eti kioo kimepasuka. Sheria ya Miamala ya Elektroniki ya 2011 inaruhusu ushahidi wa aina hiyo kupokelewa, ila korti itauliza umetokaje, umehifadhiwaje, nani ameushika katikati. Video iliyozunguka makundi arobaini ya simu na kurudi kwako haina mwenyewe. Hongo iliyotumwa kwa simu, yaani kwa mobail mani, ni rahisi zaidi kuithibitisha, ujumbe una namba, jina, kiasi na saa, usifute.

Sasa suala la aliyepokea. Huyo mama wa mandazi akisema kortini "nilipokea" amejitia kwenye kosa, na wakili mjanja atamtisha nalo. Usimfiche, mwambie ukweli mapema na mpeleke kwa wakili kabla ya kuapa. Tafuta pia shahidi aliyeona lakini hakupokea, na ikiwezekana asiye mtu wa kambi yako. Korti huwa haiamini sana mashahidi wote wakiwa wafuasi wa aliyeshindwa, inataka kauli kutoka mahali pengine penye kujitegemea, na hata mzee wa msikiti au mwenye duka anatosha kama hana upande.

Na hati za viapo, jamani. Mashahidi wengi hawasomi Kiingereza na viapo vinaandikwa kwa Kiingereza. Kuna sheria ya kuwalinda wasiojua kusoma, inataka aliyeandika hati aweke jina lake kamili na anwani yake, ikionyesha kwamba aliandika kwa maelekezo ya shahidi, na hati iwe imesomwa na kuelezwa kwa lugha anayoielewa. Viapo chungu nzima vimetupwa nje kwenye kesi za uchaguzi kwa kukosa kipande hicho kidogo pale chini. Shahidi wako akizungumza Kiswahili peke yake, hakikisha hapo chini pameandikwa kwamba alisomewa kwa Kiswahili, na nani alimsomea, kabla hajaweka dole gumba. Na akiwa hajui kusoma asilazimishwe kuweka saini ya kujikongoja ili aonekane msomi, akihojiwa itamuumbua.

Hatua ya 6: Siku ya kura

Kampeni inasimama saa 24 kabla ya siku ya kura, kwa hiyo usiku ule ndio wa "sukari mlangoni", kaeni macho. Vituo vinafunguliwa saa moja asubuhi vinafungwa saa kumi jioni, aliye kwenye mstari saa kumi anapiga kura. Kuhesabu ni pale pale kituoni, Ibara ya 68 imesema hivyo, na msimamizi wa kituo pamoja na maajenti wanasaini fomu ya matokeo, ile tunayoiita DR fomu. Ajenti asiondoke bila nakala. Kabla ya kusaini asome tarakimu na maneno, alinganishe kura zilizopigwa na karatasi zilizotolewa, na akiona kitu hakiendi aandike malalamiko yake badala ya kugoma kusaini na kuondoka na hasira. Nakala moja ya DR fomu yenye muhuri ina nguvu kuliko ajenti mia wanaopiga kelele kwenye kituo cha kujumlisha. Lipa maajenti wako vizuri na wape chakula, ajenti mwenye njaa saa tisa mchana ananunulika kwa rolex moja, ile chapati ya mayai.

Hatua ya 7: Kalenda, usichelewe hata siku moja

Kwa ubunge, mgombea akitaka kura zihesabiwe upya anaomba kwa Hakimu Mkuu ndani ya siku saba baada ya matokeo kutangazwa. Kupinga uchaguzi wenyewe ni ndani ya siku 30 tangu matokeo yachapishwe kwenye Gazeti rasmi la Serikali, sio tangu yatangazwe redioni, kwa hiyo fuatilia tarehe ya Gazeti. Anayeweza kufungua ni mgombea aliyeshindwa, au mpiga kura yeyote wa jimbo hilo akiungwa mkono na saini za wapiga kura wasiopungua 500 wa jimbo hilo hilo. Hiyo ya pili inasahaulika sana! Mgombea wako akinunuliwa anyamaze, ninyi bado mna njia. Ila kusanyeni saini zaidi ya 500, tuseme 700, kwa sababu zitachujwa moja moja na wale ambao hawapo kwenye rejista wataondolewa. Ukishafungua unamfikishia mshindi nakala ndani ya siku saba. Rufaa inaishia Mahakama ya Rufaa. Kesi za viti vya serikali za mitaa ni siku 14 tu tangu Gazeti, na hapo ndipo wengi wanakosa basi.

Ukishindwa unaweza kuamriwa kulipa gharama za upande wa pili, na mawakili sio bei ya nyanya. Kaa na wakili asome daftari lako kabla hamjafungua chochote, akikwambia huna kitu, ishia hapo.

Kwa urais ni siku 15 kufungua na siku 45 kuamua, ilikuwa 10 na 30 kabla ya marekebisho ya 2017. Kufikia sasa hakuna uchaguzi wa rais uliofutwa Uganda. Kwenye kesi za mgombea wa upinzani Kizza Besigye za 2001 na 2006 majaji walikubali kwamba sheria zilivunjwa, wakagawanyika 3 kwa 2 na 4 kwa 3, walio wengi wakasema haikuathiri matokeo kwa kiasi kikubwa. Ya Amama Mbabazi 2016 ilitupwa kwa sauti moja, ya Robert Kyagulanyi, yaani Bobi Wine, 2021 aliiondoa mwenyewe. Kwa hiyo kama nguvu zako na pesa zako ni kidogo, ziweke kwenye jimbo, huko ndiko viti vinaanguka kweli, na Katiba inataka kiti kikibaki wazi uchaguzi mdogo ufanyike ndani ya siku 60.

Na ile faili ya polisi usiiache ilale kwa sababu kesi ya kupinga matokeo imeisha. Chini ya Ibara ya 80 mtu aliyepatikana na hatia ya kosa la uchaguzi hawezi kugombea ubunge kwa miaka saba, lakini lazima awe ametiwa hatiani na korti ya jinai. Chukua namba ya kumbukumbu siku unayoripoti, andika jina la afisa aliyekupokea, rudi kila baada ya wiki mbili uulize imefika wapi, na kila ukirudi andika kwenye lile lile daftari.